UZI: Mambo yanayomfutia noteri idhini yake California, kwa Waswahili tulio huku na ndugu wanaotutumia hati

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninaishi kusini mwa California, na ni noteri wa umma, yaani mthibitishaji wa saini na viapo, niliyeapishwa na jimbo hili. Wiki iliyopita mama mmoja ninayemheshimu kama mzazi wangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya hati ya nguvu ya kisheria, yaani ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, ambayo mwanawe, anayeishi jimbo jingine, alikuwa amekwisha kuitia saini. Aliniomba niigongee muhuri ili iwahi kusafiri kwenda Dar es Salaam, ambako kuna kiwanja kinachosubiri kuuzwa. Nilipomkatalia alisikitika sana, na baadaye nikasikia kwamba nimesemwa kuwa ugenini kumenibadilisha. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kwamba lile ombi lake la dakika mbili lilitosha kunifutia idhini yangu na hata kunifikisha mahakamani. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

Kwanza nieleze idhini yenyewe ni nini. Wenzetu huku huiita kwa neno ambalo kwetu limezoeleka kwa maana ya fungu la dalali, yaani komisheni, lakini hapa maana yake ni mamlaka ambayo mtu hukabidhiwa kwa niaba ya umma. Hutolewa na Katibu wa Jimbo, ambaye asichanganywe na waziri wa mambo ya nje wa serikali kuu ya Washington, ingawa vyeo vyao vinafanana kwa Kiingereza. Idhini hudumu miaka minne. Anayeiomba lazima awe ametimiza miaka 18, awe mkazi halali wa California, asome mafunzo ya saa sita kama ni mara yake ya kwanza, afaulu mtihani, atoe alama za vidole, kisha aweke dhamana ya dola 15,000 na kula kiapo, na kuviwasilisha kwa karani wa kaunti ndani ya siku 30 tangu idhini ianze. Hakuna sharti la kuwa mwanasheria wala la kuwa raia, na ndiyo sababu watu wa kawaida kama mimi tunaweza kuifanya kazi hii.

Sababu za kufutiwa idhini zimekusanywa kwa sehemu kubwa katika kifungu cha 8214.1 cha Sheria za Serikali za California. Ni nyingi, na sitazipanga zote hapa, kwa kuwa baadhi yake zinaeleweka bila maelezo: wizi, kughushi, ulaghai, kutumia cheo kujinufaisha au kumdhuru mwingine. Ninayotaka tuyazungumze ni yale yanayoweza kumwangusha mtu mwema, asiye na nia ya kuiba chochote, kwa sababu tu ya huruma na undugu.

Kubwa kuliko yote ni cheti cha uongo. Noteri wa California haulizwi kama maneno yaliyomo kwenye hati ni ya kweli. Tangu Januari 2015 kila cheti cha kukiri saini, yaani maandishi ya noteri kwamba mtu alikiri mbele yake kuwa saini ni yake, hutanguliwa na kisanduku kinachotamka waziwazi kwamba aliyekijaza amethibitisha utambulisho wa aliyetia saini tu, wala hakuthibitisha ukweli, usahihi au uhalali wa hati yenyewe. Tafakarini hapo. Kazi nzima ya noteri imebaki kwenye jambo moja, nalo ni kwamba mtu huyu alifika mbele yangu, siku hii, katika kaunti hii, na nilimtambua kwa njia iliyowekwa na sheria. Nikiandika kwamba alifika ilhali niliona picha yake tu kwenye simu, nimeliharibu hilo jambo moja. Kutoa cheti chenye maelezo ambayo noteri anajua kuwa si ya kweli ni sababu ya kufutiwa idhini, na zaidi ya hapo sheria ya madai ya jimbo inaruhusu faini inayoweza kufika dola 10,000 kwa anayeandika kwa makusudi jambo la uongo katika cheti cha kukiri saini. Kurudisha tarehe nyuma kumo humo humo. Kugonga muhuri na kutia saini kwenye cheti kisichojazwa, kwa ahadi kwamba mwenye hati atakijaza nyumbani, nako kumetajwa kama kosa linalojitegemea.

Watu wengi huuliza kuhusu kutambuana. «Si unanijua mimi? Si tumeswali pamoja Ijumaa?» Ndiyo, ninakujua, lakini tangu Januari 1, 2008 kujuana kwa sura si ushahidi unaokubalika California. Lazima nione kitambulisho kilicho hai au kilichotolewa ndani ya miaka mitano iliyopita: leseni ya udereva, pasipoti ya Marekani, au pasipoti ya nchi ya mtu mwenyewe, ambayo tangu 2017 haihitaji tena kuwa na mhuri wa idara ya uhamiaji. Hili la mwisho limewasaidia sana ndugu wenye pasipoti za Tanzania na Kenya. Asiye na kitambulisho anaweza kutambuliwa kwa kiapo cha mashahidi wawili wanaomfahamu, mradi mashahidi hao wana vitambulisho vyao na hawana maslahi katika hati hiyo. Noteri anayepuuza utaratibu huu ameshindwa kutimiza wajibu wake kwa uaminifu, na kushindwa huko peke yake ni sababu iliyoandikwa.

Nakaribisha maswali na marekebisho, hasa kutoka kwa wanasheria.

WakiliWaMwambao

Ahsante, mleta uzi, kwa maelezo yaliyotulia. Ninafanya uwakili Dar es Salaam, na ningependa kuonyesha panapotokea mkanganyiko kwa watu wetu.

Kwetu, chini ya Sura ya 12 ya sheria za Tanzania, mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo kwa kawaida ni wakili. Mwananchi anapotaka kuapa au kuthibitishiwa hati husema anakwenda kwa wakili, na muhuri anaougongewa ni wa wakili huyo huyo anayeweza kumshauri kuhusu mirathi au mkataba. Ameukuta ushahidi na ushauri vikitoka kwenye meza moja, kwa hiyo akifika Marekani anatarajia noteri naye atakuwa hivyo hivyo.

Hata hivyo, roho ya sheria haitofautiani sana. Kifungu cha 7 cha Sura hiyo ya 12 kinamkataza kamishna wa viapo kutumia mamlaka yake katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi ndani yake, na kifungu cha 8 kinamtaka aandike mahali na tarehe ambapo kiapo kililiwa. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza kwamba na jina lake lionekane. Nimeshuhudia viapo vikitupwa na mahakama kwa sababu ya upungufu katika mistari hiyo michache ya mwisho, na mteja akapoteza hoja ambayo huenda ilikuwa na nguvu. Mstari wa mahali na tarehe si pambo.

Swali langu ni hili: je, noteri wa huko anaweza kuthibitisha nakala ya cheti cha kuzaliwa au cha shule, kama tunavyofanya hapa kwa muhuri wa nakala halisi?

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Wakili msomi, umegusa mahali panapowaumiza wengi. Jibu ni hapana. Noteri wa California anaruhusiwa kuthibitisha nakala ya hati ya nguvu ya kisheria, na kutoa nakala za kumbukumbu za daftari lake mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, shahada ya chuo, pasipoti, vyote hivyo hana mamlaka navyo. Ndugu zetu hufika na bahasha ya vyeti vinavyotakiwa na mwajiri au chuo cha nyumbani, wakiamini ni kazi ya muhuri mmoja kwa kila karatasi, na noteri mgeni kazini, kwa kuona aibu kuwarudisha, hugonga.

Njia iliyopo ni mwenye cheti kuandika tamko lake mwenyewe kwamba nakala aliyoiambatisha ni sahihi, kisha aape na kutia saini mbele ya noteri. Hapo noteri anathibitisha kiapo, na kuisemea nakala kunabaki kwa mwenyewe. Msisitizo uwe kwenye kuapa. Kuna manoteri wanaojaza cheti cha kiapo bila kumwapisha mtu kwa mdomo, na kuacha kuapisha kumetajwa pia miongoni mwa sababu za kufutiwa idhini.

Kuhusu maslahi, California nayo inamzuia noteri kuthibitisha hati ambayo ana faida ya moja kwa moja ndani yake. Undugu wenyewe haukukatazwa kwa jina, lakini ukizingatia kwamba mali inayopatikana ndani ya ndoa hapa huhesabiwa kwa kawaida kuwa ya wote wawili, mimi sithibitishi hati ya mke wangu wala ya wanangu. Wapo wenzangu wanaoona nimezidisha tahadhari.

MtotoWaUvira

Salamu kutoka Sacramento. Ninashukuru kwa uzi huu, nami niongeze la upande wetu tuliotoka Kongo. Kwetu noteri ni afisa wa serikali mwenye elimu ya sheria, ambaye hati akiisha kuiandika na kuitia saini ina uzito mkubwa mbele ya kila ofisi. Mzee wa Kivu akisikia noteri, anasikia mtu mkubwa wa sheria. Ndiyo sababu hapa wazee wetu humpelekea noteri barua za uhamiaji, za nyumba, hata za mahakama, na kumwambia: mwanangu, nitengenezee.

Kuna kijana wa jumuiya yetu aliyepata idhini mwaka huu, na ameandaa bango la Kiswahili linalosema anasaidia karatasi zote za uhamiaji. Ni kijana mwenye moyo safi. Je, bango hilo lina tatizo?

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Ndugu yangu, naomba umwambie alishushe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Kifungu cha 8219.5 kinamhusu kila noteri asiye mwanasheria anayetangaza huduma yake kwa maandishi katika lugha isiyo Kiingereza. Watu wengi wanadhani kifungu hiki ni cha Kihispania peke yake, kwa sababu kilitokana na maumivu ya wahamiaji wa Amerika ya Kilatini, ambako jina la noteri hubebwa na mwanasheria mwenye hadhi kubwa, kama ulivyoeleza kwa Kongo. Kihispania kimewekewa katazo la ziada, kwamba jina hilo lisitafsiriwe neno kwa neno hata kama tangazo lina tahadhari zote. Lakini sharti kuu ni la lugha yoyote, na Kiswahili kimo. Tangazo lazima liwe na taarifa, kwa Kiingereza na kwa lugha ile nyingine, inayosema kwamba mimi si mwanasheria na kwa hiyo siwezi kutoa ushauri wa kisheria kuhusu uhamiaji au jambo jingine lolote la kisheria, pamoja na ada zilizowekwa na sheria. Kilichosamehewa ni kibao kimoja cha mezani. Mimi ninachukulia kwamba tangazo la maandishi kwenye kundi la WhatsApp limo pia, kwa kuwa sheria imetaja mabango na njia nyingine za mawasiliano ya maandishi.

Adhabu yake ni kali. Kosa la kwanza ni kusimamishwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja au kufutiwa idhini, na kosa la pili ni kufutiwa moja kwa moja, maisha. Katika sheria hii yote sijaona mahali pengine ambapo noteri hupewa nafasi finyu namna hiyo.

Kisha lipo hilo la kusaidia karatasi za uhamiaji. Anayejitangaza kuwa mtaalamu au mshauri wa uhamiaji haruhusiwi kujitangaza kuwa noteri. Kumchagulia mtu fomu, kumwambia ajibu nini katika swali la hifadhi, kumweleza kama anastahili au hastahili, hiyo ni kazi ya mwanasheria au ya mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya serikali kuu. Noteri akiifanya ameingia katika uwakili bila leseni, na hiyo ni sababu nyingine tena. Kijana huyo, kwa bango moja alilolichora kwa nia njema, anaweza kukutwa na sababu tatu kwa mpigo: tangazo linalompa uwezo asio nao, kukiuka masharti ya uhamiaji, na kukosa taarifa ya lugha mbili.

Naandika kwa uchungu kwa sababu ya mzee atakayeipokea ile fomu iliyojazwa vibaya. Kijana atapoteza muhuri. Mzee anaweza kupoteza nafasi ya kubaki nchini, na hatakuwa na wa kumdai.

DadaWaOakland

Naomba kujua kuhusu ada. Nilitozwa dola 60 kwa saini moja, nikaambiwa ni kwa sababu hati ilikuwa ya Kiswahili.

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Pole, dada. Ukomo ni dola 15 kwa kila saini, na lugha ya hati haiongezi chochote. Kutoza zaidi ya ada ya sheria ni sababu ya kufutiwa idhini na kuna faini ya hadi dola 750. Unaweza kulalamika kwa maandishi kwa Katibu wa Jimbo.

Ila nikufafanulie kuhusu lugha. Noteri anaweza kuthibitisha saini kwenye hati ya lugha asiyoisoma, mradi cheti chake kiwe cha Kiingereza. Asichoweza ni kumhudumia mtu asiyeweza kuzungumza naye, na mwongozo wa Katibu wa Jimbo unasema mkalimani asitumike katikati, kwa kuwa maana inaweza kupotea njiani. Hapo ndipo noteri anayejua Kiswahili anapokuwa na thamani kubwa kwa bibi aliyefika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu, na ndiyo maana kila mmoja wetu anayefutiwa idhini huacha pengo lisilozibika haraka.

Msafiri254

Mimi nataka kuomba idhini, lakini zamani nilipatikana na kosa dogo mahakamani, na baadaye shauri likafutwa. Rafiki yangu ananishauri nisilitaje. Je, ni sawa?

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Usimfuate, kaka. Alama zako za vidole zitapelekwa kwa Idara ya Sheria ya California na kwa FBI, na fomu inataka utaje hata hukumu zilizofutwa baadaye. Kosa dogo la zamani huenda lisikuzuie kabisa, kwa kuwa sheria inaangalia makosa makubwa ya jinai, makosa yanayogusa uadilifu na yale yasiyopatana na kazi ya noteri. Lakini kulificha ni upotoshaji katika maombi, na huo ni sababu ya kunyimwa idhini, au kufutiwa ukiwa umekwisha kuipata. Ujue pia kwamba anayekubali adhabu bila kukiri wala kukana kosa huhesabiwa kuwa amepatikana na hatia.

Tukiwa hapo hapo, wapo wanaoshangaa kusikia kwamba noteri anaweza kusimamishiwa idhini kwa kutolipa matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama. Inawezekana kabisa.

KaraniWaOfisi

Mimi ni noteri ninayefanya kazi katika ofisi ambayo ililipia mafunzo yangu, dhamana na muhuri. Msimamizi wangu huweka muhuri na daftari langu kwenye droo yake, na nikiwa likizo mwenzangu hugonga kwa niaba yangu. Nikiacha kazi wanasema vyote vitabaki kwao. Nifanye nini? Na kama mtu akituhumiwa, hawezi kujiuzulu tu yaishe?

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Dada au kaka, hali yako ni ya hatari kuliko unavyofikiri. Muhuri na daftari ni vyako hata kama mwajiri ndiye aliyelipa, na unapoondoka unaondoka navyo. Muhuri lazima uwe chini ya udhibiti wako peke yako, na kuacha kwa makusudi usiwe chini ya udhibiti huo ni kosa la jinai. Kila pigo la muhuri alilogonga mwenzako ni cheti cha uongo chenye jina lako. Chukua muhuri wako kesho asubuhi, ufungie mahali ambapo ufunguo ni wako tu, kisha utafute mwanasheria akushauri kuhusu hati zilizokwisha kutoka.

Daftari nalo nilielezee kidogo, kwa sababu ndilo linalomhukumu au kumwokoa noteri. Kila tendo huandikwa kwa mfuatano: tarehe na saa, aina ya tendo, aina ya hati, saini ya mhusika, alivyotambuliwa, na ada iliyotozwa. Kwa hati ya nguvu ya kisheria, na kwa hati nyingi zinazohusu nyumba au ardhi, huongezwa alama ya dole gumba la kulia, na kuiacha kunaweza kuleta faini ya hadi dola 2,500. Likiibwa au kupotea, Katibu wa Jimbo aarifiwe mara moja kwa barua iliyosajiliwa. Kutolilinda, kutotoa taarifa ya kupotea kwake, au kumnyima kwa makusudi askari mwenye sababu za msingi anayetaka kuliona, yote hayo ni sababu za kufutiwa. Mimi niliwahi kulalamikiwa na familia iliyodai kwamba baba yao hakuwahi kuja kwangu. Dole gumba lake lilikuwepo kwenye mstari wake, na malalamiko yakaishia hapo.

Kuhusu kujiuzulu, hakusaidii. Sheria inasema wazi kwamba kujiuzulu au kuisha kwa muda wa idhini hakumzuii Katibu wa Jimbo kuendelea na hatua za nidhamu. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa chini ya sheria ya taratibu za utawala kabla idhini haijafutwa, anaweza kuleta ushahidi wake na kuwakilishwa. Akishindwa, nakala ya uamuzi hupelekwa kwa karani wa kaunti, muhuri huharibiwa usiweze kutumika tena, na madaftari yote hukabidhiwa kwa karani ndani ya siku 30. Kwa makosa mengine, mahakama iliyomtia mtu hatiani ndiyo humfutia idhini yenyewe.

WakiliWaMwambao

La mwisho kutoka kwangu. Je, huwezi kumwona mtu kwa video? Na yule mama wa mwanzo wa uzi alifikia wapi?

Mtanga_Kusini (mleta uzi)

Kwa video bado, wakili. Sheria ya mwaka 2023 iliufungua mlango huo, lakini noteri wa California hatauingia mpaka Katibu wa Jimbo akamilishe mfumo wake, au ifikapo Januari 1, 2030. Kwa sasa mtu lazima afike kwa miguu yake.

Mama tulielewana. Nilimpigia simu jioni, nikamweleza kwamba mwanawe hana haja yangu mimi hata kidogo, kwa kuwa yuko Arizona na huko kuna manoteri wa huko. Kijana akachapisha hati upya, akaenda na pasipoti yake, akakiri saini mbele ya noteri wa hapo. Baada ya hapo hati hiyo inapaswa kuthibitishwa na Katibu wa Jimbo la Arizona, si la California, kwa sababu kila jimbo huthibitisha saini za manoteri wake lenyewe, ndipo iendelee na safari yake ya kuelekea ubalozini. Jana mama amenitumia picha ya bahasha ikiwa imefungwa.